Sharti la Jezi

Nyumbani kwetu Temeke kulikuwa na cherehani mbili. Ya miguu ilikaa barazani na baba, ya mkono ilikaa ndani na mimi. Kati yetu palikuwa na kidirisha chenye pazia la kaniki. Vipande alivyokata baba vilipitia hapo kuja kwangu, na nguo zilizokwisha zilipitia hapo kurudi kwake. Maneno ya barazani nayo yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Yote niliyoyajua kuhusu mpira niliyasikia nikiwa nimeinamia mshono, kwa sababu kiwanjani sikwenda hata siku moja. Mpira wenyewe nimekuja kuuona uzeeni, kwenye televisheni ya mjukuu wangu, na niseme kweli, sikuona kilichokuwa kikiwatia wazimu.

Enzi hizo za Mwingereza, timu yetu ya mtaa haikuwa na ofisi. Baba ndiye aliyeshona jezi, basi baraza ya baba ikawa klabu. Wanaume walitoka bandarini, walitoka reli, walitoka kwenye majumba ya Wazungu, wakaja kukaa kwenye mkeka wetu na kubishana. Mechi zenyewe hazikuwashughulisha sana, maana mechi ikichezwa imekwisha. Walichobishania hasa ni nani anahama na nani anamvuta. Hakuna mchezaji aliyelipwa kwa kucheza. Alivutwa kwa kazi nzuri, kwa chumba, kwa kitanda cha kamba. Beki wetu mmoja alituacha kwa ajili ya baiskeli, na baiskeli yenyewe haikuwa na kengele. Kengele hiyo ilizungumzwa mwaka mzima. Walisema angetuuza, sawa, lakini basi angetuuza kwa baiskeli kamili.

Mwenyekiti wao alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Oysterbay. Kazini alikaanga mayai na kusema ndiyo bwana. Akifika kwetu alikuwa wakili. Bwana wake alikuwa na tabia ya kumsomea mkewe gazeti la kwao mezani, na mpishi, akiwa amesimama na sahani, aliokota alichookota akatuletea.

"Kule mchezaji hahami ovyo kama kuku," alisema siku moja. "Anafungwa kwa mkataba. Timu ikisema hatumwachii, haendi, hata alie machozi ya damu. Na ndani ya mkataba mna sharti. Anayemtaka atimize sharti kwanza."

"Sie tuna mkataba gani?" baba akauliza. "Na tukiuandika nani atausimamia? Twende kwa DC tukamwambie winga wetu anataka kuhama? Atatufukuza na mbwa."

"Ndiyo maana nasema tutafute kinachomfunga mtu wetu. Mtu wetu hafungwi na karatasi."

Waliyekuwa wakimwogopea alikuwa winga wa kushoto, kijana wa pande za Lindi aliyekuwa kuli bandarini. Alicheza peku, vifundo vimefungwa bendeji, na walisema akipata mpira beki hubaki akitazama mahali alipokuwa. Hakuwa na mama wala ndugu mjini. Alikuwa akilala chumba kimoja na makuli wenzake huko Keko, na kila wiki barazani palisikika kwamba timu fulani imemwalika chakula.

Nilikuwa natia kola ya shati la mtu. Nikamsikia mpishi anasema, "Fundi, si una binti?"

Cherehani ya baba ikasimama. Ikakaa hivyo kidogo, kisha ikaendelea, taratibu, kama mtu anayefikiri kwa miguu. Sikusikia baba akijibu. Nikaelewa kwamba amekubali.

Mama alikuja kuniuliza, maana ndivyo ilivyokuwa ada. Mwari huulizwa, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Sasa mimi nilikuwa na pini mdomoni, nne au tano, kama fundi yeyote anayepinda pindo. Mama aliniuliza akanitazama. Nikamtazama. Akangoja kidogo akatoka, nikamsikia akiwaambia, "Kanyamaza. Karidhia." Sijui ningesema nini kama mdomo ungekuwa mtupu. Pengine nisingesema kitu. Lakini nakumbuka ladha ya chuma ya zile pini kuliko ninavyokumbuka harusi yenyewe.

Mahari ilichangwa na timu. Pilau ilipikwa uani, na shehe wetu wa Chang'ombe akaja akaozesha, akala, akaomba dua, akaenda zake. Alipokwisha kukata kona ndipo mpishi alipomsimamisha bwana harusi katikati ya baraza na kumwambia bado kuna jambo moja. Mimi nilikuwa ndani nimekaa kitandani, kanga mpya imenifunika uso. Nilisikia sauti ya mume wangu, sauti ambayo nilikuwa bado siijui vizuri, ikitamka maneno ikiyafuata ya mpishi: "Nikivaa jezi ya timu nyingine, mke wangu ameachika." Kisha makofi. Nilidhani wanampongeza.

Shehe aliposikia alirudi siku ya pili, jasho linamtoka. "Mnaitia talaka ya mtoto wa watu kwenye mpira?" aliwauliza. Mpishi akamwambia, kwa adabu, kwamba jambo limekwisha. "Limekwisha kweli," shehe akasema. "Kiapo hicho si cha kuchezea. Siku atakayovaa, imeanguka." Mpishi alifurahi mno kwa jibu hilo. Alikuwa amepata alichokitaka, sharti lisilohitaji DC.

Tulipewa chumba cha uani, hapo hapo kwa baba, ili awe karibu na baraza. Nikamjua polepole. Alirudi jioni nywele zimejaa vumbi la simenti, akaoga maji mengi, akakaa kwenye kigoda akijikanda bega. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa sababu ya magunia. Nilipomshonea shati nililipandisha upande huo kidogo, likamkaa sawa, na mtu asiyejua hakuona kitu. Hakuwa msemaji. Alikuwa na kicheko cha kuanza kabla hajamaliza kusimulia, na mara nyingi hakumaliza. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza kama nilimpenda. Nilimzoea, na kumzoea kulikuwa kutamu.

Sharti likajaribiwa mara ya kwanza bila mtu kulitafuta. Mume wangu alichaguliwa kwenye timu ya mji mzima kwenda kucheza na Unguja. Barazani walipiga vigelegele kama wanawake, mpaka mmoja wao alipouliza, "Sasa jezi ya mji ni ya nani?"

Ubishi ukaanza.

"Timu ya mji si timu nyingine. Ni sie sote."

"Sie sote na Kinondoni ndani yake. Hiyo ni nyingine."

"Basi avae yetu ndani, ile juu."

"Akivaa juu kavaa. Kwani ukivaa kanzu juu ya seruni hujavaa kanzu?"

"Acheze kifua wazi."

"Mbele ya Waunguja? Watatusema mpaka kiama."

Walibishana siku hiyo, wakabishana kesho yake, wiki nzima. Hakuna aliyetaja mke. Walisema sharti likianguka, sharti likisimama, sharti likivumilia. Sharti lenyewe lilikuwa mimi, na wakati huo nilikuwa uani nachuja tui.

Mpishi ndiye aliyepata njia. Jezi ya mji itashonwa na fundi wetu, kwa kitambaa chetu, hivyo itakuwa mali ya timu yetu. Timu yetu itauazima mji jezi hiyo, na mtu akiwa ndani yake. Walishangilia. Shehe alipoulizwa alitikisa kichwa, akasema nyie mnafanya masihara na dini, lakini kosa hakuliona. Baba akaikata, mimi nikaishona, mume wangu akavuka akacheza, akarudi na halua kwenye kikapu cha ukili. Nilikuwa bado mke wa mtu. Tuliila halua ile siku kadhaa, na ilikuwa nzuri.

Tangu hapo barazani walistarehe. Ikiletwa habari kwamba mtu anamtaka winga, walijibu, "Sharti lipo," kama mtu anayekumbuka kwamba amefunga mlango. Na waliomtaka hawakuwa haba. Aliyemtaka zaidi ya wote alikuwa Mhindi mmoja Ithnaasheri mwenye karakana ya mbao upande wa Kinondoni, mtu aliyependa mpira kuliko hao wote wa mkekani. Aliinunulia timu ya Kinondoni viatu, akawapa wachezaji kazi za kupanga mbao kivulini. Barazani walimcheka. Ana mbao, walisema, lakini sharti lipo.

Asubuhi moja mume wangu alikuwa akikunja bendeji zake nilizozifua. Akasema bila kuinua macho, "Mwenzangu, mie magunia yamenishinda."

Nikamwambia pole.

"Yule wa mbao kanipa kazi. Ya kusimamia, si ya kubeba. Na nyumba tutapewa, mie na wewe."

"Na kiapo?"

"Nimeuliza kwa mashehe wa kule. Inaanguka talaka moja tu. Jioni hiyo hiyo nakuja, nasema nimekurejea, yamekwisha. Na kiapo kimekufa hapo hapo, hakirudi tena. Hawa hawakuliona hilo." Akaanza kicheko chake. "Mpishi na uwakili wake wote."

"Utakuja lini?"

"Magharibi hainipiti."

Nikasema haya. Nilikuwa na mengine ya kusema, nadhani, lakini nilipoyatafuta sikuyapata. Mwili wangu wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona ni wako na hauusikii. Hali hiyo ilinikaa sana baadaye, ila asubuhi hiyo ndiyo mara ya kwanza kuitambua. Nilimchukulia bendeji moja iliyobaki, nikaikunja.

Haukupita muda, Kinondoni wakaleta kitambaa cha jezi mpya kwa baba. Hili halikuwa ajabu. Baba alishonea timu yoyote iliyomwendea, na barazani walikwisha kulizoea. Walipenda hata kukishika kitambaa cha wapinzani na kukisema vibaya. Kilikuwa cha samawati, na kola nyeupe. Baba alikata mwenyewe, akawa ananipitishia vipande dirishani, jezi moja baada ya nyingine, nami nikaunga.

Ya mwisho niliitandaza mapajani nikapanga bega na bega. Bega la kulia lilikuwa limekatwa juu kidogo kuliko la kushoto.

Nilikaa nalo. Hakuna aliyemfundisha baba kukata hivyo ila mashati niliyokuwa nikimshonea mume wangu, na fundi haendi upande mmoja kwa bahati mbaya. Nje cherehani ya baba ilikuwa imesimama. Barazani walikuwapo, wanabishana juu ya golikipa wa Ilala, na baba hakuwaambia kitu. Pazia halikutikisika. Nikatia uzi, nikaanza kuzungusha gurudumu.

Niliishona vizuri. Watu huwa wanangoja niseme nililia, au niliilegeza mishono ili ifumuke uwanjani. Sikulia, na mishono niliirudia mara mbili mabegani, maana barazani walisema mume wangu hurusha sana mikono anapokimbia. Nilitia vifungo, nikakata nyuzi, nikaikunja nikaiweka chini kabisa ya zote. Nilipozipitisha dirishani, mkono wa baba ulizipokea na kukaa hapo kidogo kabla ya kuondoka.

Mechi yetu na Kinondoni ilichezwa kiwanja chetu, nyuma ya mikorosho, karibu kiasi cha mtu kusikia kelele akiwa jikoni. Asubuhi alitoka na kifurushi chake kama kawaida. Alisimama mlangoni akasema, "Magharibi." Nikasema haya. Adhuhuri ilipopita nilianza kupika, wali wa nazi na changu wa kupaka, nikijua kwamba wakati wowote, kati ya kukuna nazi na kuchuja, ningekuwa nimeachika. Nilijaribu kuusikia wakati huo. Nilidhani lazima utaonekana kwa namna fulani. Moto uliwaka, kuku wakapita. Kisha zikasikika kelele za ghadhabu kutoka kiwanjani, si za bao, maana mpira ulikuwa bado haujaanza. Mama akaacha kupepeta.

"Kavaa?" akaniuliza.

"Nadhani kavaa."

Mama akanitazama kwa muda. Kisha akaja akanivua bangili, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye pembe ya kanga yake. Nikaendelea kupika.

Walirudi wamefungwa, bao moja, na bao lilikuwa lake. Sijapata kusikia baraza ile ikiwa na watu wengi vile. Kwanza walibishana kama bao lilikuwa la kuotea. Halafu wakaja kwenye lile jingine.

"Imeanguka saa ngapi? Alipovaa au filimbi ilipolia?"

"Alipovaa. Kiapo kilisema akivaa, hakikusema akicheza."

"Kavalia kibandani. Nani shahidi?"

"Nilichungulia mie. Alipitisha kichwa kwanza."

"Kichwa si kuvaa. Mpaka mikono."

"Mtu akipitisha kichwa akaenda sokoni, utasema yuko uchi?"

Mpishi hakusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kutomsikia. Baba naye alikuwa hapo, na yeye sikumsikia.

Nilipakua chakula, nikakifunika kwa kawa, nikakiweka chumbani kwetu juu ya kigoda chake. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Waliokuwa barazani wakaenda kusali, wakarudi, wakaendelea. Nilikaa nikitazama kawa. Mwishowe mama aliingia akasema chakula kisiharibike, tukala yeye na mimi, na changu alikuwa amekolea.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani yangu bila kushona. Pazia likafunguka kidogo na mkono wa baba ukaingia. Haukuwa na kitambaa.

"Hata mie aliniahidi," baba akasema kutoka upande wa pili. "Alikuja akaniambia yote. Alisema magharibi."

Mkono ulikaa juu ya mbao za dirisha, na alama zake za sindano, kisha ukatoka. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mwenyewe. Yeye alikuwa akisikia maumivu yake.

Eda nilikaa chumba kile kile, kama sheria inavyotaka. Muda wote wa eda neno lake la kunirejea lilikuwa bado lina nguvu. Hakuhitaji shehe, hakuhitaji mahari, hakuhitaji hata kuja Temeke. Angeweza kulisema popote alipo, juu ya mbao zake, mbele ya watu wawili, likaletwa na yeyote anayepita. Kwa hiyo kila mtu aliyeingia barazani nilimsikiliza salamu yake kwanza, kama ina habari. Wengi walikuwa na habari za wachezaji.

Nao waliendelea kunijadili. Wako waliosema atamrejea mke, mtu gani aache mke fundi. Wako waliosema akirejea tumpige. Wako waliosema akimrejea ndiyo vizuri, atakuwa anakuja kwa wakwe, atakuwa nusu wetu, na huenda mechi na Kinondoni akazicheza kwa huruma. Hili la mwisho lilipendwa. Walianza kumtaka arudi kwa sababu hiyo, na mpishi akatumwa kumtafuta, maana Kinondoni ilikuwa njiani kwake akitoka kazini.

Alimpata. Akarudi akaketi, akaomba maji kwanza. Nilikuwa natoboa matundu ya vifungo.

"Nimemwambia," mpishi akasema. "Nimemwambia neno moja tu, bwana, mrejee mkeo, sie tumekusamehe. Mnajua kanijibu nini? Kasema, nyie ndio mlionifunga naye. Nikirudi kwake nimerudi kwenu. Yule ni mke wa timu."

Hapo niliumia. Ganzi yote ya miezi ile ilinitoka mara moja, nikasikia kila kitu, joto la chumba, ukali wa sindano, miguu yangu. Halua, bega lile nililolipandisha shati baada ya shati, na magharibi ile. Kumbe muda wote huo alikuwa akiniona nimekaa mkekani pamoja nao. Sikuwahi kukaa mkekani. Sikuwahi kuombwa rai hata juu ya rangi ya kola. Niling'ata kanga ili wasinisikie, nikalia mpaka ikaisha, na ilipoisha ganzi ikarudi taratibu, nikaipokea.

Huko nje walikuwa wakibishana kama jibu lile ni tusi au ni sifa.

Eda ikaisha siku ya kufua, bila mtu kuja. Mama alinirudishia bangili. Nikarudi kwenye cherehani, kazi ilikuwa nyingi kwa sababu ilikuwa karibu na Idi.

Mwezi huo huo alikuja golikipa kutoka Tanga. Alifikia kwa mpishi, na barazani walimsifu mikono yake, mipana kama koleo la makaa. Kazi ya reli walikwisha kumtafutia. Timu mbili za mjini zilikwisha kumwalika chakula. Nilikuwa napinda pindo la kanzu ya shehe, aliyekuwa ameketi nje akiingoja. Nikamsikia mpishi akikohoa.

"Fundi," akasema.

Cherehani ya baba ikasimama.

"Safari hii hatufanyi kosa. Ataapa talaka tatu. Pasiwe na rejea, pasiwe na ujanja wa jioni."

"Tatu ndiyo dawa," mwingine akaitikia. "Sharti la kwanza lilikuwa na tundu."

Wakaanza. Mahari ya nani, chumba ni kile kile, jezi ya mji itakuwaje. Walikuwa wamechangamka. Nami nikaendelea kupinda, kwa sababu nilijua yanakokwenda, na kwa sababu sikusikia kitu.

Shehe aliwaacha mpaka wakafika mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kanzu yake aende nyumbani, "Mmesahau jambo moja. Mara ya kwanza binti alikuwa mwari. Kimya chake kilitosha, na hata asingeulizwa baba yake angeweza kumwoza. Sasa si mwari. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hutamka mwenyewe kwa mdomo wake. Bila tamko lake mie siozeshi."

"Hata baba yake akikubali?" mpishi akauliza.

"Hata akikubali baba na timu nzima."

Nilisikia wakihema. Kwa kweli hawakulijua hilo, na mimi pia sikulijua. Walikuwa wameitafuta talaka ile wenyewe, wakaishangilia kwa makofi, na hakuna aliyefikiri kwamba ikianguka itaniachia kitu.

Pazia likafunguka. Haukupenya mkono tu safari hii. Baba aliinama mpaka uso wake ukaonekana, na nyuma yake nikawaona wote, watu ambao niliwajua kwa sauti. Mpishi alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

"Umesikia, mwanangu," baba akasema. Hakunihimiza. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa, moja moja, nikazichoma kwenye mkono wa kushoto wa gauni langu, na wao wakangoja.

"Sitaki," nikasema.

Wakaanza. Mmoja akasema ile ni hasira, si jibu. Mwingine akasema sitaki ya mwanamke huchunguzwa kwanza. Wa tatu akauliza kama nimemkataa golikipa au nimelikataa sharti, maana kama ni sharti linazungumzika. Mpishi akasema huenda hawakusikia vizuri, na mmoja wa watu wa reli akaapa kwamba alisikia nataka.

Baba alikuwa bado ameinama dirishani. Aliwaacha waseme, kisha akaniomba nirudie, ili wote wasikie.

Nikarudia.